Bukavu–Uvira: Wanafungua filtre ya pikipiki ili ipate nguvu, motere ndiyo inalipa

Barabara yenye inatoka Bukavu kwenda Uvira inashuka kutoka milima ya Ziwa Kivu mpaka bonde la Ruzizi, kisha inafuata bonde mpaka Ziwa Tanganyika. Maji ya Kivu iko kwenye urefu wa mita karibu 1460 juu ya bahari. Ya Tanganyika iko kwenye mita karibu 770. Dereva wa mototaksi mwenye anashuka anasikia joto inaongezeka, anavua koti huko Kamanyola na anaendelea na safari. Motere ya pikipiki yake inasikia ule mushuko pia, lakini haina koti ya kuvua. Ikiwa huko juu fundi aliiondolea sanduku ya filtre ya hewa ili "ipumue vizuri", ni huku chini ndiko itaanza kulipa.

Kufungua njia ya hewa ni moja kati ya mambo ya kwanza yenye mutu anafikiria wakati anataka pikipiki yake ikuwe na nguvu zaidi. Sanduku ya plastike inatolewa, filtre ndogo yenye umbo la koni inafungwa moja kwa moja kwenye karburateri, ao hakuna kitu kinafungwa hata kidogo. Sauti inabadilika papo hapo, motere inanguruma kama ya pikipiki kubwa. Ni kazi ya muda mufupi, haiombe vyombo vingi, na inafanywa kando ya barabara.

Lakini ile sanduku haikuwa inashika filtre tu. Kwenye pikipiki nyingi za miaka ya karibuni, tutiyo tubili ao tutatu twa mupira tunaishia ndani yake. Sanduku ikiondoka, tunakosa mahali pa kuishia. Kamoja kanaachwa kananing'inia, kengine kanafungwa na visi, kengine kanakatwa. Hivyo pikipiki inapoteza vifaa vyenye viliwekwa kiwandani ili kupunguza sumu ya moshi, vile vyenye mafundi wanaita antipolisyo. Mara nyingi hakuna mutu alikusudia kuviondoa. Vilienda pamoja na sanduku.

Kwa dereva wa mototaksi, hii haiko habari ya mazingira peke yake. Wengi wanaendesha pikipiki ya mutu mwingine, na wanapaswa kumupelekea versema. Siku motere inafunguliwa, versema inasimama, na mwenye pikipiki anauliza ni nani aligusa karburateri.

Hewa nyepesi ya milima

Ni haki kusema kwamba dereva wa Goma, Bukavu ao Butembo mwenye anaona pikipiki yake inachoka hadanganyike. Inachoka kweli. Lakini sababu haiko kwenye filtre.

Kwenye urefu wa mita 1500, hewa ni nyepesi. Kila lita ya hewa yenye motere inavuta iko na uzito mudogo kwa asilimia karibu 14 kuliko kando ya bahari. Hewa ikipungua, esanse yenye inaweza kuchomwa inapungua pia, na motere ya karburateri inapoteza nguvu karibu kwa kipimo kilekile, hata ikiwa imetoka kwenye katoni leo. Hakuna filtre yenye inaweza kurudisha hewa yenye haiko. Pikipiki ya sentimita kyube 125 huko Butembo haitavuta kamwe kama ya Matadi.

Kuna jambo la pili, na ndilo linaleta fujo. Karburateri haijui kama iko Goma ao Uvira. Inapima esanse kwa kufuata mwendo wa hewa yenye inapita, haipimi uzito wa ile hewa. Kwa hiyo, kwenye milima, inatoa esanse mingi kupita kiasi, karibu asilimia 7 ao 8 zaidi ya ile yenye ingetoa kando ya bahari kwa uzito uleule wa hewa. Buji inakuwa nyeusi, moshi unanuka esanse, motere inakohoa wakati wa kuongeza gazi.

Sasa, fundi anaondoa sanduku ya filtre. Hewa inaingia kwa urahisi, esanse inakuwa kidogo ukilinganisha na hewa, na pikipiki yenye ilikuwa inakohoa inaanza kujibu vizuri. Dereva anazunguka mutaa mara moja, anarudi anacheka. Alipata kitu cha kweli, lakini alikipata kwa bahati: alisahihisha kosa la karburateri kwa kuharibu upande mwingine. Dawa yenye inafaa hapo ni jikleri, kale kapande kadogo ka shaba chenye tundu kenye kanapitisha esanse. Jikleri yenye tundu dogo kidogo, ao sindano ya karburateri kushushwa kwa kadaraja kamoja, inafanya kazi ileile bila kugusa filtre. Sauti haitabadilika, ni kweli, na pengine ndiyo sababu mafundi hawaombwe kufanya hivyo. Sikio ndilo linauza filtre ya koni.

Kisha pikipiki inashuka Uvira. Kati ya Bukavu na Tanganyika, hewa inaongezeka uzito kwa karibu asilimia 8, na esanse yenye ilikuwa inatosha kwa shida huko juu sasa haitoshi. Mafundi wanasema motere "inakunywa hewa". Moto ndani ya silindri unakuwa mukali, joto inapanda, na kwenye bonde la Ruzizi hakuna baridi ya kuipunguza. Kwenye barabara ya sawasawa, na abiria wawili na muzigo, supape ya moshi na kichwa cha pistoni ndivyo vinapokea ile joto yote. Dereva mwenye anatoa buji akifika na kuikuta nyeupe kama chokaa yuko na jibu mukononi. Buji ya motere yenye iko sawa iko na rangi ya kahawia, kama biskwi.

Kila katiyo na kazi yake

Kale kenye kanatoka kwenye tumbo la motere, mahali mafuta iko, ndiko kanadharauliwa zaidi. Hakuna pistoni yenye inafunga kabisa. Kila mara esanse inawaka, sehemu ndogo ya moshi inapita pembeni ya pete za pistoni, zile segma, na inaingia kwenye mafuta. Ule moshi unapaswa kutoka. Zamani ulikuwa unatoka inje tu, ukidondosha mafuta barabarani. Kwenye magari, mambo yalianza kubadilika huko California mwanzoni mwa miaka ya 1960: ule moshi ulirudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe mara ya pili. Kwenye pikipiki, katiyo kale kanaupeleka ndani ya sanduku ya filtre.

Sanduku ikiisha kuondoka, kuna mafundi wenye wanakafunga na visi ili mafuta isichafue. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwenye kazi hii. Moshi unakosa njia, unajaa ndani ya motere na kusukuma, na mipira yenye inazuia mafuta kwenye pembe za motere inaanza kuachilia. Dereva anaona mafuta inatoka upande wa mulolongo, anabadilisha mupira, baada ya juma mbili inatoka tena. Wengine wanaacha katiyo wazi, kananing'inia karibu na gurudumu la nyuma. Motere haitaumia haraka kwa hilo, lakini wakati pikipiki inapita kwenye maji ao inazimika ikiwa moto, kanaweza kuvuta maji na mavumbi mpaka ndani ya mafuta.

Kengine kanatoka kwenye sanduku na kuenda mpaka kwenye kichwa cha motere, karibu na mahali eshapema inaanzia. Katikati yake kuna kikopo kidogo cha plastike ao cha chuma. Si pikipiki zote ziko nacho. Yamaha inakiita AIS, Suzuki inakiita PAIR, na kwenye pikipiki za Kihindi mara nyingi kinaitwa SAI. Ni chombo chenye kinasingiziwa sana, duniani kote, kwamba kinaiba nguvu.

Kazi yake ni hii. Kila mara supape ya moshi inafunguka, moshi unatoka kwa kishindo, na nyuma ya kile kishindo kunabaki nafasi yenye inavuta. Ule mvuto unafungua kalimi kembamba ka chuma ndani ya kikopo, na hewa safi kidogo inaingia kwenye eshapema. Huko inakutana na esanse yenye haikuchomwa na gazi ya monoksidi ya kaboni, wakati zingali moto sana, na zinamaliza kuwaka. Ile hewa haipite ndani ya silindri. Hakuna pompi, hakuna mukaba, hakuna kitu chenye motere inapaswa kuzungusha. Mutu mwenye anakiondoa haongeze hata nusu ya nguvu ya farasi moja.

Basi kwa nini kinaondolewa? Sababu moja ni ule mulipuko, "pa-pa-pa", wenye unasikika kwenye eshapema wakati dereva anaachilia gazi kwenye mutelemuko. Hewa safi ikikutana na esanse nyingi, inalipuka. Kiwanda kilijua hilo, ndiyo maana kuna katiyo kengine kembamba kutoka njia ya hewa ya motere kwenye kikopo: wakati gazi inaachiliwa, kanafunga ile hewa. Ikiwa kale kembamba kamepasuka, ao ikiwa jwe ya eshapema imeungua na inavuta hewa, mulipuko unarudi. Mara nyingi jwe mpya inamaliza shida, na hakuna haja ya kutoa kitu kingine.

Kuondoa kikopo vibaya kunaleta shida yenye haikuwepo. Tundu dogo lenye linabaki wazi kwenye njia ya hewa, kati ya karburateri na motere, linavuta hewa yenye haikupita kwenye karburateri: ralanti inapanda yenyewe, motere inakunywa hewa tena. Ikiwa ni katiyo kanene ndiko kameachwa wazi bila filtre, mavumbi inaingia kwenye kale kalimi ka chuma na kukazuia kufunga. Hapo moshi wa moto unarudi nyuma na kuyeyusha mupira. Mutu mwenye ameona katiyo keusi, kameungua kutoka ndani, na hakuelewa moto ulitoka wapi, mara nyingi ulitoka hapo.

Kuna pia kikopo cha makala. Hakiko kwenye pikipiki zote. Kwenye zile zenye zinauzwa India kwenyewe kilienea kuanzia mwaka wa 2017. Ndani yake kuna makala ya pekee yenye inashika harufu ya esanse kutoka kwenye tanki, na motere ikiwaka inaivuta na kuichoma. Wakati kinatolewa, tanki inapaswa kubaki na mahali pa kupumua. Fundi akifunga katiyo kake, esanse inashuka mpaka hewa ndani ya tanki inapungua na kuishika isishuke tena. Pikipiki inazimika njiani. Dereva anafungua kifuniko cha tanki ili aone kama esanse imeisha, hewa inaingia, pikipiki inawaka, na kila mutu anasema ni karburateri. Karburateri inasafishwa mara tatu bure.

Juu ya katalizeri, maneno machache. Ni ile sega ya chuma ndani ya eshapema yenye imepakwa platini, paladi na rodi, na pikipiki nyingi za karburateri zenye zinatumika huku kwetu hazina nayo. Yenye iko nayo inaweza kutumika kwa esanse ya hapa, kwa sababu esanse yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa mwaka wa 2006. Adui yake ni motere yenye inachoma mafuta. Na motere inafika kuchoma mafuta, mara nyingi, kwa sababu ya mavumbi.

Mavumbi ya Nyiragongo

Muji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji mpaka ziwani; tarehe 22 Mei 2021 ulisimama karibu na nyumba za kaskazini. Jiwe jeusi lenye lilibaki linasagwa kila siku na matairi, na wakati wa kiangazi, kwenye barabara za mitaa kama Ndosho na Mugunga zenye hazina makadamu, mavumbi yake inasimama hewani kutoka asubuhi mpaka jioni. Haiko mavumbi laini kama ya udongo wa shamba. Ni vipande vidogo vya jiwe na vya kioo cha volkano, vyenye makali.

Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silindri ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Mavumbi ya jiwe ikiingia hapo pamoja na mafuta, inakuwa kama papye ya kusugulia mbao. Inakula segma, inakwaruza silindri, kisha inashuka kwenye mafuta na kuanza kula sehemu zingine. Alama ya kwanza ni moshi wa bluu asubuhi. Ya pili, mafuta yenye inapungua bila kuonekana mahali inatokea.

Hapo kazi ya sanduku ya filtre inaonekana vizuri. Muinuko na mutelemuko wa njia yake ya ndani, na mudomo wake wenye umeangalia mahali penye hapana gurudumu, vinaangusha mavumbi mengi mbele hata yafike kwenye filtre. Filtre ya koni inakaa inje, kwenye njia ya mavumbi ya gurudumu la mbele, na maji ya mvua inaifikia. Zile za bei ya chini ziko na matundu yenye mutu anaweza kuona kwa macho akiiinua kwenye mwangaza. Kwenye muchezo wa mashindano, huko Ulaya ao Marekani, motere inafunguliwa baada ya saa chache za kukimbia na hakuna mutu analia. Mototaksi wa Goma anatumika siku sita ao saba kwa juma.

Marekani: faini ya milioni 12

Habari ya kuondoa vifaa hivi haiko ya Kongo peke yake, wala haikuanzia hapa. Huko Marekani, ambako wenye pikipiki kubwa wanapenda sana kubadilisha filtre, eshapema na kompyuta ya motere kwa mara moja, sheria juu ya hewa safi inakataza kuharibu ao kuzima chombo cha kupunguza moshi, na inakataza pia kuuza kitu chenye kinafanya hivyo. Mwezi wa Agosti 2016, serikali ya inchi hiyo ilitangaza mapatano na kampuni Harley-Davidson juu ya vifaa karibu 340 000 vyenye ilikuwa imeuza tangu mwaka wa 2008, vyenye vilikuwa vinawezesha wanunuzi kubadilisha reglaje ya motere kupita kipimo chenye kiliruhusiwa. Kampuni haikukubali kwamba ina kosa, lakini ilipatana kulipa faini ya dola milioni 12, kuacha kuviuza, na kununua vyenye vilikuwa vimebaki kwa wauzaji ili viharibiwe.

Pikipiki za kwetu zinatoka mahali pengine. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS zinatengenezwa India, zingine zinatoka China. India yenyewe imekaza sheria mara tatu kwa miaka kumi: mwaka wa 2010, mwaka wa 2017, na mwaka wa 2020. Mwisho wa mwezi wa Machi 2017, Mahakama Kuu ya India ilikataza, siku chache tu mbele, kuuza magari na pikipiki mpya za kipimo cha zamani kuanzia tarehe 1 Aprili. Zaidi ya 600 000 kati ya vyenye vilikuwa vinangojea wanunuzi vilikuwa vya magurudumu mawili, na viwanda vilishusha bei kwa haraka ili kuviuza kabla ya saa sita ya usiku. Katazo lilihusu soko la India. Soko za inje zenye haziombe kile kipimo zilibaki wazi.

Hapa ndipo lawama juu ya fundi wa kando ya barabara inapaswa kupungua kidogo. Kampuni ileile inaweza kuuzia mukaaji wa Mumbai pikipiki yenye kuchoma moshi wake vizuri, na kutuma Afrika yenye haina hata nusu ya vile vifaa, kwa sababu hakuna mutu huku aliviomba. Kongo iko na sheria ya tarehe 9 Julai 2011 yenye inaweka kanuni za msingi za kulinda mazingira. Kode yake ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, mwaka uleule wenye Marekani ilianza kupima moshi wa pikipiki mpya. Barabarani, polisi wanauliza karatasi na kofia. Katiyo ka SAI hakana mutu wa kukauliza.

Moshi unaenda kwa nani

Mutu wa kwanza kupumua moshi wa pikipiki ni mwenye kuwa nyuma yake, na kwenye rond-point Signers ao Birere, saa ya jioni, huyo ni dereva mwenzake. Kisha ni mama mwenye kuuza ndizi kando ya barabara, na mutoto mwenye amefungwa mugongoni, kwa sababu uso wake uko karibu na urefu wa eshapema. Esanse yenye haikuchomwa inabeba benzeni, yenye Shirika la Afya Ulimwenguni limeiweka tangu zamani kati ya vitu vyenye vinaleta kansa. Ule moshi unaongezeka juu ya ule wa makala, wa groupe na wa kamyo, na pikipiki moja haionekane kitu. Ziko maelfu.

Monoksidi ya kaboni ni habari nyingine, kwa sababu haingoji miaka. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mutu anasinzia bila kujua. Pikipiki ya karburateri kwenye ralanti, na esanse nyingi namna ya kwetu kwenye milima, inatoa gazi hii kwa wingi. Bila SAI inatoa zaidi. Kwenye miji yenye wizi, pikipiki inalala ndani ya nyumba, kwenye chumba kilekile ao karibu na kile watoto wanalala. Saa kumi na moja ya asubuhi, dereva anaiwasha ndani ili ipate joto wakati ananawa uso. Mulango ungali umefungwa.

Kwa mwenye alikwisha kuondoa

Kurudisha sanduku ya filtre haiko kazi ngumu ikiwa haikutupwa, na kwenye soko za vipande, sanduku za Boxer na HLX zinapatikana, mpya ao za kutolewa kwenye pikipiki zenye kufa. Ikirudi, jikleri ya kiwanda irudi nayo, ama sivyo esanse itakuwa nyingi tena. Filtre ya sponji inasafishwa na maji na sabuni, inakauka kivulini, kisha inapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Sponji kavu inapitisha mavumbi ya Goma kama nyavu ya samaki. Ile ya karatasi haisafishwe na maji wala na esanse. Inapulizwa polepole kutoka ndani kwenda inje ao inabadilishwa, na kwenye kiangazi inafaa kuiangalia kila juma, haizuru kitabu cha kiwanda kinasema nini juu ya barabara za India.

Mwenye anabaki na filtre ya koni kwa sababu hana namna, katiyo ka tumbo la motere kake kapelekwe juu, chini ya kiti, na kasifungwe. Mudomo wake unaweza kuvikwa kafiltre kadogo ao kuingizwa kwenye kachupa kenye tundu juu. SAI, ikiwa iko, ibaki mahali pake na ipewe kafiltre kake yenyewe, kwa kuwa haiombe nguvu ya motere. Katiyo kembamba ka kuifunga karudi kwenye tundu lake, kasipasuke. Kisha buji itolewe baada ya safari ndefu, si baada ya kuzunguka mutaa mara moja. Kwa wenye kupanda na kushuka kati ya Bukavu na Uvira, mahali pazuri pa kuiangalia ni Uvira.